Bata Maji wa Tairi

Trekta la Alfonsas lilikata roho Februari,
theluji ikiwa magotini, katikati ya ua.
Likakohoa mara mbili kama mtu mwenye neno,
kisha likaghairi.
Fundi wa Varėna akalitazama, akafuta mikono,
akasema: vyuma chakavu.
Vyuma vikaenda. Matairi yakabaki.
Manne. Mawili makubwa kama visima,
mawili madogo, yameegemea banda la kuku
mpaka barafu ilipoyeyuka ndani yake
yakawa nyumba ya mbu.

"Yaondoe," nikamwambia.
"Nitayaondoa."
Nitayaondoa yake naijua:
huishia mdomoni, haishuki miguuni.

Lakini Jumapili, baada ya misa,
alitoka na kisu cha kuchinjia nguruwe,
ndoo ya maji ya sabuni,
na kipande cha chaki kilichokaa mfukoni
tangu shule ya kijiji haijafungwa.
Akachora shingo, mabawa, mkia.
"Bata maji," akasema. "Kama wa Bronislava."
Bronislava anao sita, weupe, kando ya barabara,
wamejipanga kama maharusi
wasioambiwa bwana harusi yuko wapi.

Mpira wa zamani ni mbishi.
Unapaka sabuni, unakata shibiri moja, kisu kinakwama,
unapaka tena. Mimi nashika, yeye anakata.
Miaka arobaini na moja ya ndoa, bado ananiambia
shika vizuri.
Nimeshika vizuri, Alfonsas.
Kasheshe ilikuwa kuligeuza, la ndani liwe nje:
tulilikanyaga, tulilikalia, tulilitukana,
likaturusha matopeni sote wawili,
tukabaki palepale chini tukicheka
hadi mbwa wa jirani akaingiwa na wasiwasi.

Mwishowe bata akasimama. Shingo imepinda kushoto.
Mdomo tukaupaka rangi nyekundu
iliyobaki kwenye madirisha.
Bronislava akaegemea uzio, akamtazama kwa muda,
akauliza kwa upole:
"Ni mbwa?"

Tukamjaza mawe chini, maji yapate kupita,
samadi ya mwaka juzi,
udongo wa msituni, mweusi, unaonukia uyoga.
Petunia zangu zikangoja dirishani
ndani ya vikopo vya mtindi,
maana huku Mei si ya kuaminiwa:
mchana inakuchekea, usiku inakung'ata.
Korongo walisharudi juu ya nguzo ya umeme,
wakigonganisha midomo ta-ta-ta-ta
kama mafundi waliochelewa kazi.

Siku ya kupanda nikatoka na kijiko changu cha udongo.
Kuku wa madoadoa, yule asiyeelewana na wenzake,
alikuwa amejituna ndani ya bata.
Nikanyoosha mkono. Akanidonoa.
Chini yake, mayai tisa.
Alfonsas akavua kofia.
"Basi," akasema, "amepanda yeye."

Petunia nimezitia kwenye buti zake za mpira
(la kulia lilikuwa na tundu, hilo ndilo zuri),
kwenye sufuria iliyotoboka,
kwenye beseni tulilomwogeshea Danutė
kabla hajakua, kabla hajaenda Norwei
kufungasha samaki.
Jumamosi hupiga simu. Kuna jipya gani?
Namwambia: bata wa baba yako anaatamia.
Kimya. Halafu:
"Bata gani, mama?"

Sasa ni Juni, saa nne usiku na mwanga bado upo.
Tumekaa kwenye benchi na supu baridi ya bitiruti,
ya waridi mpaka inatia haya,
na viazi vya moto pembeni.
Ndani ya bata kitu kimelia, kidogo sana.
Hatukuinuka. Yeye akaacha kutafuna, basi.

Matairi matatu bado yako ukutani.
Naona anavyoyatazama.
Naona mkono unavyoshuka mfukoni
kutafuta chaki.